Dirii Iliyojaribiwa

Bunduki ilipolia nyuma ya karakana, Zéphyrin alijikuta amelala kifudifudi juu ya kokoto, mikono kichwani, mdomo umejaa vumbi la Texas. Alikuwa ameambiwa tangu asubuhi kwamba bunduki italia. Alikuwa ameitikia yes, yes, tena kwa tabasamu. Lakini mwili una kumbukumbu zake, wala haumwombi mwenyewe ruhusa.

Bosi wake, Wade, alijifanya hakuona. Ni mtu mwenye adabu, Wade, Mmarekani mnene mwenye ndevu hadi kifuani, anayetengeneza deraya, yaani mavazi ya chuma ya vita, za kale za Ulaya hapo Mansfield kwa ajili ya watu wanaocheza vita wikiendi, na wengine wanaopenda tu kutundika chuma ukutani. Alimwajiri Zéphyrin miaka sita iliyopita, baada ya kumwona akinyoosha kipande cha bati kwa nyundo huku akitazama kwingine. Zéphyrin ni mhunzi, mtoto wa mhunzi. Kule Fizi, mashariki ya Kongo, baba yake alifua majembe na mapanga. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, yeye mwenyewe alifua majiko ya mkaa na ndoo za kumwagilia mchicha. Hapa Mansfield anawafulia chuma cha kifua mabwana waliokufa miaka mia nne iliyopita, na kazi ni ileile.

"Imetoboka," Wade alisema.

Wakaenda kuitazama. Ile dirii, yaani bamba la chuma la kukinga kifua, ilikuwa imetundikwa kwenye nguzo hatua ishirini kutoka pale, na katikati yake palikuwa na tundu la kuingia kidole gumba. Wade alitema mate. Alikuwa ameipiga kwa gobole la kuigiza la zamani zile, lenye kushindiliwa baruti na goroli ya risasi kupitia mdomoni, na chuma kilikuwa chembamba mno.

Dirii ilikuwa oda ya Houston. Kulikuwa na maonyesho kule, kuhusu namna silaha zilivyogeuza vita vya Ulaya, na wenye maonyesho walitaka dirii yenye alama ya jaribio. Wade alimweleza taratibu, kwa Kiingereza cha karakana wanachoelewana. Zamani hizo gobole lilipoanza kutoboa chuma, wanunuzi waliacha kuamini maneno ya mafundi. Kwa hiyo fundi aliitundika dirii yake, akaipiga risasi yeye mwenyewe. Ikishika, goroli iliacha mbonyeo, na ule mbonyeo haukusawazishwa kamwe. Ulibaki palepale kifuani ili mnunuzi atie kidole, ajue kwamba hiki kimejaribiwa.

"Na kama haikushika?" Zéphyrin aliuliza.

"Anafua nyingine." Wade alijikuna ndevu. "Au anapunguza baruti. Au anabonyeza kwa nyundo, nani atajua? Wanasema walikuwapo wa hivyo, tena si haba." Akacheka. Kisha akatazama saa, maana mzigo ulitakiwa Houston keshokutwa, Alhamisi. Ndani kulikuwa na dirii ya pili, imekwisha kung'arishwa. Akamwambia aitie alama kwa nyundo ya kichwa cha mviringo. Ni maonyesho tu, hakuna mtu atakayekwenda nayo vitani.

Zéphyrin aliilaza dirii juu ya mfuko wa mchanga, akapiga mara moja. Mbonyeo ukatokea mzuri, wa duara, upande wa kushoto panapokaa moyo. Wade alitia kidole akapiga mluzi wa kusifu. Zéphyrin alikwenda nyuma ya mitungi ya gesi akatapika fufu na sombe, kile kisamvu, yote ya mchana.

Yasemwe basi yaliyomtapisha, maana yeye amekaa nayo miaka ishirini na saba, na tukimngoja yeye ayaseme tutaota mvi.

Mwaka wa tisini na nane, vita vilipopanda milima ya Fizi, vijana wa kijiji chao walikuwa na mapanga, mikuki, na bunduki tisa. Adui waliokuwa wanakuja walikuwa na bunduki kila mtu, na mzinga juu yake. Ndipo akaja dokta wa maji. Mai-Mai, wanamgambo wa kule, wanajulikana: unanyunyiziwa maji ya dawa, risasi ikikufikia inageuka maji. Ila kuna miiko. Usiibe, usirudi nyuma, na tangu unaponyunyiziwa mpaka utoke vitani usiguswe na mkono wa mwanamke.

Dokta hakuwa mjinga. Alijua kwamba hakuna mwenye akili atakayesimama mbele ya risasi kwa maneno matupu. Alihitaji jaribio. Akaja uhunzini siku baba hayupo, akamkuta Zéphyrin, miaka kumi na saba, ana koleo mkononi. Akamuuliza kama anaweza kung'oa kichwa cha risasi bila kuharibu ganda. Aliweza. Akang'oa vichwa vitatu, mahali pake wakatia nta na majivu. Dokta alimwambia kwa upole, na hili ndilo linalomsumbua hadi leo, ule upole: "Mutoto, dawa haiko maji. Dawa iko moyo. Bila moyo watakimbia, na watachinjwa kwa mugongo." Kwa kijana aliyehesabu bunduki tisa, maneno yale yalikuwa na maana. Ubaya wake ni kwamba hata leo yana maana kidogo.

Dokta akamchagua yeye huyohuyo kufyatua, kwa sababu nani ampige risasi ndugu yake wa tumbo moja kama hana hakika na dawa? Maana aliyejitokeza wa kwanza alikuwa kaka yake, Nazaire, amevaa shati la kaki. Zéphyrin alisimama hatua tano, akafyatua. Shati likaingia weusi kifuani kushoto. Nazaire akayumba, akajitazama, akacheka. Kijiji kizima kikapiga kelele za furaha, na vijana arobaini wakajiandikisha jioni ileile.

Kabla hawajaondoka, Nazaire alimvuta pembeni. "Weye ni mudogo yangu," alimwambia. "Ile kitu iko ya kweli?"

"Tumeijaribu, yaya," Zéphyrin akajibu. Yaya ni kaka mkubwa, au dada.

Nazaire alikufa kesho yake kabla jua halijapanda, wa kwanza, na wengine ishirini na sita nyuma yake. Waliobaki wakarudi na hasira za kumuuliza dokta. Dokta naye akauliza lake: nani aliguswa? Hapo akatokea Clothilde, mke wa Nazaire, miaka kumi na tisa, mimba ya miezi minne, wala hakuna aliyemsukuma. Akasema mbele ya watu wote kwamba ni yeye. Alfajiri ile mlangoni alimshika mumewe mkono wa kuume, akauweka tumboni, ili amsikie mtoto akicheza.

Zéphyrin alikuwa amesimama palepale. Alimsikia shemeji yake akijitwika maiti ishirini na saba, naye akanyamaza. Kwanza alinyamaza kwa kumwogopa dokta. Dokta alipokufa akanyamaza kwa aibu. Tumwonee huruma, lakini kidogo tu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwahi kupandishwa ndege ya wakimbizi: uongo wa Zéphyrin ulitoka Fizi ukavuka ziwa, ukakaa Nyarugusu miaka kumi na minne, ukapigwa chanjo na picha pamoja naye, ukashukia Dallas na bado una nguvu.

Na Clothilde akaishi na mikono yake. Anaifunga kwa kitenge, isimguse mtu tena. Binti yake, Shalom, alimlea hivyo: alimwogesha kwa vitambaa vilivyofungwa viganjani, alimnyonyesha akiwa amemweka juu ya mto, na mtoto alipoanza kutembea akafundishwa kushika ncha ya kitenge cha mama badala ya mkono. Kanisani padri akisema mpeane amani, Clothilde huinama tu, mikono imefichwa, na kina mama wa Burundi wa Vickery Meadow, mtaa wao wa Dallas, husema huyu Mkongomani anaringa. Ilipokuja korona na watu wote wakakatazwa kushikana mikono, Clothilde peke yake hakuona mabadiliko.

Siku ya Alhamisi Wade aliamka mgongo umekaza, hawezi kukaa garini saa nne. Shalom akajitolea kuendesha. Alikuwa na nafasi, kwani wiki iliyopita ameacha kazi yake ya kuuguza hospitalini. Amejiandikisha jeshini, awe muuguzi wa askari, na siku ya kuondoka ni Jumatatu.

"Baba mdogo, nita-drive mimi, we lala," alisema, akawasha gari. Nyuma kulikuwa na kasha la mbao, ndani yake dirii.

Zéphyrin hakulala. Walipopita Corsicana, barabara ikiwa imenyooka na malisho pande zote, Shalom alipunguza redio.

"You know what I want?" alisema. "Si party. Si zawadi. Nataka Mama anishike mkono. Just once, kabla sijaenda."

Zéphyrin akatazama ng'ombe.

"Nimemuuliza," Shalom akaendelea. "She said no. Anasema mkono wake ulimuua Papa, na mimi naenda jeshini, so it's worse. Mi si-believe hizo vitu, Baba mdogo. Lakini yeye ana-believe. Na weye ulikuwa pale. Anakusikiliza."

"Nitamuongelesha," Zéphyrin alisema.

"Promise?"

"Nitamuongelesha hii siku ya Dimanche, kisha kutoka Misa."

Shalom akaongeza redio, akaimba kidogo. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na sauti yake ilikuwa ya Nazaire kabisa, ile ya puani.

Houston walipokewa na mama mmoja mwenye glavu nyeupe. Alifungua kasha, na kabla ya kutazama kitu kingine chochote akatia kidole chenye glavu ndani ya ule mbonyeo. Alifumba macho kidogo. Akasema ni kitu cha ajabu kugusa kitu kilichomwokoa mtu. Wade alikuwa amemweleza kwa simu kwamba ni ya kuigiza, mama alijua, lakini kidole hakikujua. Kisha akawaruhusu kuzunguka ndani, maana maonyesho yalikuwa bado hayajafunguliwa.

Shalom akawa anasoma vibao na kumweleza. Chumba cha kwanza kilikuwa na vazi la pete za chuma, maelfu ya pete zilizofumwa moja moja, na pembeni yake mshale mwembamba ulioundwa kupenya katikati ya pete. Cha pili kilikuwa na mabamba, mtu mzima amefunikwa chuma hadi vidole vya miguu, kwa sababu ya ule mshale. Hapo palikuwa na upinde wa kufyatua ambao mkulima aliweza kujifunza kwa siku chache, akamwangusha bwana aliyefundishwa vita tangu utotoni. Cha tatu kilikuwa na magobole, na dirii zilizozidi kunenepa kwa sababu ya magobole. Shalom alijaribu kunyanyua moja iliyowekwa hapo ili wageni wapime uzito. Aliinua kidogo, akairudisha akicheka.

Zéphyrin alitembea mikono nyuma, anatazama viungo na misumari kwa jicho la kazi. Aliona mahali fundi alipokosea akaficha kwa urembo. Aliona dirii moja ya kweli, ya zamani hasa, yenye mbonyeo mzuri upande wa kushoto na tundu upande wa kulia. Fundi aliipima kushoto, adui akaipiga kulia. Shalom alisoma kibao chake, akaenda mbele.

Chumba cha mwisho hakikuwa na chuma. Kulikuwa na koti tu, koti la sufu lililopauka, vifungo vinne vimekosekana.

"Wanasema," Shalom alisoma, "mwishowe bunduki ilikuwa na nguvu sana. Chuma cha kuizuia kilikuwa kizito, mtu hawezi kutembea nacho siku nzima. So askari wengi wa miguu wakaacha chuma kwenye stoo. Wakasimama kwa mistari na nguo tu." Akageuka. "Waliacha tu? They just gave up?"

"Waliacha."

"Na wakaenda hivyo hivyo?"

"Wakaenda vile vile."

Zéphyrin alilitazama lile koti mpaka macho yakamwasha. Wafalme wote wale, mafundi wote wale, miaka mia tatu ya nyundo, na mwisho wake wamefika pale pale alipokuwa Nazaire: mtu ndani ya nguo, mbele ya risasi, na nyuma yake mwingine anamwambia usiwe na wasiwasi. Alijisikia amechoka kwa ajili yao wote. Hapo alitaka kumwambia Shalom kila kitu, na alifungua mdomo.

"Unasemaje, Baba mdogo?"

"Nasema tutafute chakula."

Jumapili baada ya Misa alipanda ngazi za Clothilde, ghorofa ya pili, pale Vickery Meadow. Shalom alikuwa amekwenda kuwaaga marafiki zake kule Irving. Zéphyrin alikuwa amejiandaa tangu Alhamisi, amepanga maneno na kuyapangua, na asubuhi ile alikuwa hajala.

Clothilde alimwandalia chai. Aliweka kikombe mezani, akavuta mikono, akangoja mgeni ajichukulie mwenyewe. Ndivyo anavyomkaribisha kila mtu. Ana miaka arobaini na sita, na mikono yake haina kovu wala sugu, kwani haitoki ndani ya kitenge.

"Shemeji," Zéphyrin alianza, "kuko kitu nilikufichaka. Iko ya ile siku ya jaribio."

"Sema."

Akasema. Alisema moja kwa moja, bila kujipamba, na hilo apewe haki yake. Alisema dokta alikuja uhunzini. Alisema aling'oa vichwa vya risasi tatu kwa koleo ya baba, akatia nta na majivu. Alisema maji yale hayakuwa na kitu, hayakuwahi kuwa na kitu, na kwamba Nazaire alimuuliza, naye akamjibu tumeijaribu.

"Yaya hakukufa juu ya mukono yako," alimalizia. "Alikufa juu yangu. Mi njo nilimuua. Ata ungemukumbatia usiku muzima, ata usingemugusa, ile risasi ingeingia tu."

Clothilde hakulia. Aliinuka akaingia chumbani, akarudi na ule mfuko mweupe wa plastiki ambao kila mkimbizi hushuka nao uwanja wa ndege ameukumbatia, wenye karatasi zake zote za maisha. Akatoa kifurushi cha kitenge. Akakifungua. Ndani kulikuwa na shati la kaki.

Zéphyrin hakujua kwamba lipo. Nazaire alikuwa amelibadilisha usiku ule, kwa sababu mkewe hakutaka aende vitani mchafu. Weusi ulikuwa bado upo, kifuani kushoto, umefifia ukawa kahawia.

"Nilifua mara makumi," Clothilde alisema. "Ilikataa kutoka. Tazama vizuri. Unaona tundu?"

"Hakuna tundu, shemeji. Hakuna juu ya sababu hakukuwa risasi. Ile ni majivu na baruti."

"Hakuna tundu juu ya sababu risasi iligeukaka maji."

Wakatazamana juu ya lile shati. Nguo moja, na inamtolea ushahidi kila mtu kwa lake. Kijana wa miaka kumi na saba alikuwa ameifanya kazi yake sawasawa, na sasa mzee wa arobaini na minne hana nyundo ya kuibomolea.

"Naapa mbele ya Mungu."

"Apana kuapa." Sauti ya Clothilde ililainika, na kulainika kule kulikuwa kubaya kuliko kelele. "Shemeji, nilisimama pale. Niliona na macho yangu. Weye unaniletea maneno. Najua juu ya nini unasema vile. Shalom njo alikutuma. Uko na roho muzuri, tangu zamani uko nayo. Uliona nimebeba, unataka kunipokea muzigo. Lakini usinidanganye kweli, vraiment. Mi si mutoto."

"Shemeji, nisikilize..."

"Weye nisikilize." Akaanza kulikunja shati, ncha kwa ncha, vidole vimo ndani ya kitenge. "Kama ni kweli, basi mi sikumugusa mutoto yangu miaka makumi mbili na sita juu ya majivu. Alikuwa na malaria pale Nyarugusu, analia Mama nishike, na mi nimekaa mbali namutazama. Juu ya nta na majivu?" Akatikisa kichwa. "Apana. Haiwezekani. Mungu hawezi kufanya mutu vile."

Zéphyrin aliona wazi sasa alichomletea. Alidhani amemletea ufunguo, kumbe amemletea ugonjwa mwingine, mbaya kuliko ule wa kwanza, na mwanamke yule kwa akili zake timamu alikuwa anaukataa. Ule uongo ulimwambia aliua mara moja, kwa bahati mbaya, kwa mapenzi. Ukweli ulimwambia amemwua mtoto wake kidogo kidogo kila siku, bure.

"Usimuambie mutoto hii maneno," Clothilde alisema. "Akisikia atakuja kunishika na nguvu. Na atakufia kule. Niahidi."

Akaahidi. Na lazima lisemwe hili pia, hata kama linaudhi: aliposhuka zile ngazi, katikati ya uchungu wote ule, Zéphyrin alipumua. Alikuwa amesema, na hakuna kilichotokea. Hakuna atakayemwita mwuaji. Alijichukia kwa pumzi ile hadi akafika kwenye gari, lakini alikuwa amekwisha kuivuta.

Gari la jeshi lilikuja Jumatatu saa nne asubuhi, gari dogo la kawaida, ndani yake kijana nadhifu wa sare anayetazama simu. Shalom alishuka na begi moja. Clothilde alishuka nyuma yake, amevaa nguo za kanisani, mikono imefungwa kitenge kipya cha manjano, na juu ya mikono amebeba kile kifurushi. Hakumkabidhi binti yake. Alikiweka juu ya boneti ya gari, akarudi nyuma hatua mbili.

"Ni ya baba yako," alisema. "Utavaa ndani ya nguo ya kazi. Kila siku."

Shalom alikifungua. Alilinyoosha shati kwenye jua la maegesho, akalitazama lile doa. Alikuwa hajawahi kuliona, wala hakuwa na picha ya baba yake hata moja. Alilileta puani.

"Mama anasema walimpiga risasi akiwa nayo, na haikutoboka." Alijaribu kucheka, lakini macho hayakucheka. "Baba mdogo. For real? Ilijaribiwa?"

Yule kijana wa sare aliinua macho kutoka kwenye simu. Clothilde akamtazama shemeji yake. Hakuonya kwa kope wala kwa mdomo, alimtazama tu, anangoja.

Zéphyrin aliona kwamba hapa ndipo mahali penyewe. Alisema moyoni, sema. Sema ni nguo, mwanangu, ni pamba, haizuii hata mwiba. Sema mkono wa mama yako ni mkono tu, mshike sasa hivi kabla hajakimbia. Aliona lile koti la Houston lenye vifungo vilivyokosekana. Aliona vilevile uso wa binti anayekwenda mahali pa bunduki, hana kitu kifuani, anaomba apewe kitu cha kushikilia. Ule upole wa dokta ukampanda kooni, akaujua.

"Ni kweli," alisema. "Nilipiga mi mwenyewe. Tuliijaribu."

Shalom akalikumbatia shati, akafunga macho kidogo. Kisha akalikunja taratibu akalitia ndani ya begi, juu ya vitu vyote. Alimgeukia mama yake, akafungua mikono, akasubiri hivyo. Clothilde alirudi hatua nyingine moja, akainama, kama anavyoinama kanisani wakati wa amani. Shalom alishusha mikono. Akamkumbatia baba yake mdogo badala yake, kwa nguvu, kifua kwa kifua, naye Zéphyrin akaupiga piga mgongo wake kwa mkono uleule uliofyatua.

Gari liliondoka, likangoja taa, likakata kona ya Park Lane. Walibaki wawili kwenye maegesho. Clothilde alikaza fundo la kitenge kwa meno.

"Asante, shemeji," alisema. "Jana ulinitisha."